Dakika Ambazo Kiwanda Hakizitaji

Ukiwasha Toyota IST iliyotoka Japani juzi, kabla injini haijatulia utasikia sauti ya mwanamke. Anasema Kijapani, kwa adabu kubwa, kutoka kwenye kisanduku kidogo kilichobandikwa karibu na usukani: kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Unguja hakuna barabara inayoijua kadi hiyo, na wengi hawajui pa kumzimia, basi huachwa aseme. Gari inakwenda Bububu, inarudi Amani, inapeleka watoto chuoni, na bibi yule anaendelea kukumbusha kadi.

Mbele ya dereva kuna kitu kingine cha huko huko ambacho hakisemi neno. Mshale wa kasi unaanzia sifuri, na namba ya mwisho kwenye duara ni 180. Si IST peke yake. Noah, 180. Mark II, 180. Subaru Impreza ya kijana anayeamsha mtaa mzima usiku wa manane, nayo 180. Suzuki Carry ya kubebea mchanga na viroba vya mbatata inakomea 140. Gari zenye injini tofauti, uzito tofauti na bei zilizo mbali kama Nungwi na Kizimkazi zimekomea kwenye namba mbili tu, kana kwamba waliozitengeneza walikaa kitako wakakubaliana.

Walikubaliana kweli. Kikomo cha kilomita 180 kwa saa, na 140 kwa vigari vidogo, hakikutoka bungeni. Viwanda vya Japani vilijiwekea vyenyewe, katika nchi ambayo barabara kuu ilikuwa na mwisho wa kilomita 100 kwa saa. Gari za zamani zaidi zilikuwa hata na kengele iliyolia taratibu dereva akishapita kiasi hicho. Kisha mwaka 1988 vifo vya barabarani Japani vikapita 10,000, serikali ikaanza kuwatazama watengenezaji kwa jicho kali, nao wakaongeza mwiko wa pili: gari yoyote inayouzwa nyumbani isitangazwe kuwa na nguvu zaidi ya farasi 280. Nissan Fairlady Z ya 1989 iliandikwa 280. Skyline GT-R ya mwaka huohuo, 280. Honda NSX ya 1990, 280. Baadaye Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution, zile zilizokuwa zikigombania ubingwa wa mbio za dunia, nazo zikafika 280 na kukwama hapo kwa miaka, ingawa kila toleo jipya lilikuwa na kasi kuliko lililopita.

Hapo ndipo penye kichekesho. Fundi yeyote mwenye mashine ya kupimia alijua kwamba Skyline GT-R ya mwisho, iliyotoka 1999, ilikuwa ikivuka farasi 300 ikiwa haijaguswa hata msumari. Kiwanda kilijua, mnunuzi alijua, mwandishi wa gazeti la magari alijua, na wote waliendelea kuandika 280. Mwiko ulivunjwa rasmi Julai 2004, chama cha watengenezaji kilipotangaza kwamba hakuna haja nao tena. Mwaka huohuo Honda ikauza Legend ya farasi 300, gari ya wazee wenye suti. Kikomo cha 180 hakikuondoka, na ndiyo maana gari zinazoshushwa leo bado zina duara lilelile.

Naanzia na Wajapani kwa sababu gari zao ndizo tunazopanda, na kwa sababu wanatuonyesha jambo ambalo mpenzi wa gari za kasi hulikataa. Huamini kwamba kampuni yenye gari ya kasi itakimbilia kuitangaza kasi yake, na kwamba ikinyamaza basi ina aibu ya kuficha. Mambo hayaendi hivyo. Namba inayotoka kiwandani ni ahadi, na ahadi ina wenyewe: mteja, mshindani, wakili, mtu wa bima, na mwisho mama wa mtoto aliyegongwa. Kampuni yenye akili huwahesabu wote hao kabla ya kufungua mdomo. Na katika namba zote, muda wa mzunguko ndio unaokusanya watu wengi zaidi mlangoni.

Muda wa mzunguko ni nini? Gari hupelekwa kwenye uwanja wa mbio uliofungwa, ikapita mstari kwa kasi, ikazunguka, na saa ikasimama inapoupita tena. Uwanja unaosujudiwa kuliko yote ni Nürburgring huko Ujerumani, uliofunguliwa 1927: njia ya kilomita 20.8 inayopanda na kushuka ndani ya msitu, kona juu ya kona. Urefu huo unatosha kukutoa Mji Mkongwe hadi Mahonda. Gari za spoti zinazouzwa madukani huumaliza kwa dakika saba au nane, na siku hizi chache kabisa zimeshuka chini ya saba. Mercedes-AMG One ilitumia dakika 6 na sekunde 35 mwaka 2022, na 2024 ikarudi ikapunguza hadi 6 na sekunde 29.

Sasa tazama ugomvi mmoja. Aprili 2008 Nissan walitangaza kwamba GT-R yao mpya, mikononi mwa Toshio Suzuki, imezunguka kwa dakika 7 na sekunde 29. Gari ya Kijapani, ya bei ya chini kuliko Porsche 911 Turbo, imekwenda Ujerumani na kuwapita Wajerumani kwao. Porsche hawakusema haiwezekani. Walifanya jambo la kibiashara zaidi: walinunua GT-R yao wenyewe, wakaipeleka uwanjani uleule, na dereva wao akarudi na 7 na sekunde 54. Sekunde 25 zimepotelea wapi? Porsche walidokeza kwamba gari ya Nissan haikuwa ile anayouziwa mteja. Nissan wakajibu kwamba gari ilikuwa ya kawaida, na kwamba dereva wa Porsche angehitaji kujifunza kuiendesha.

Mimi siwezi kuamua kesi hiyo, na ninavyoona haikuhitaji hata mwongo mmoja. Mipira peke yake inatosha kuleta ugomvi. Kuna mipira laini inayoshika lami kama gundi na kuisha baada ya mizunguko michache, na kuna ile itakayokufikisha Makunduchi na kurudi mwaka mzima. Zote mbili zinaweza kuwa halali kuuzwa na gari moja. Weka baridi ya asubuhi, ambayo hewa yake nzito huipa injini pumzi. Weka dereva aliyeuzunguka uwanja huo mpaka akaujua kama ukumbi wa nyumba yake. Toa viti vya nyuma, mimina mafuta ya kutosha mzunguko mmoja tu. Hata urefu wa njia ulikuwa na mjadala: kwa miaka mingi wengi walipima kilomita 20.6, wakiacha kipande kifupi kilichonyooka mbele ya jukwaa, na wengine wakapima mzunguko kamili. Mwaka 2019 wenye uwanja walichoka, wakaweka kanuni: mzunguko kamili wa kilomita 20.832, saa yao wenyewe, na mthibitishaji wa kisheria wa kuikagua gari na kutia saini. Mpaka hapo, karibu kila mtu alikuwa akijipimia na kujitangazia.

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ferrari ndio wanaoujua msemo huu vizuri zaidi bila kuusikia. Hawapendi kutoa muda wa Nürburgring. Wana uwanja wao wenyewe, Fiorano, jirani na kiwanda chao cha Maranello, wa urefu usiofika kilomita tatu, uliojengwa 1972. Huko hupima kila gari, na muda wa huko wanautangaza bila wasiwasi. Nani atakwenda kuwahakikishia? Huwezi kununua Ferrari, ukagonga geti la Fiorano na kuomba upishwe ujaribu. Kwa hiyo namba za Fiorano hulinganisha Ferrari na Ferrari, ya mwaka huu na ya mwaka jana, na kamwe hakuna mshindani wa kuziharibu. McLaren nao walikuwa na ujanja wao. Mwaka 2013, baada ya Porsche 918 kuzunguka kwa dakika 6 na sekunde 57, dunia ikaingojea McLaren P1. Kampuni ikatangaza kwamba imekwenda chini ya dakika saba, basi. Chini kwa kiasi gani, hawakusema. Ukisema chini ya saba, umeshinda. Ukitaja sekunde, kuna mtu kesho atazipunguza.

Nenda Nungwi umuulize fundi wa ngalawa chombo chake kinachukua dakika ngapi mpaka Tumbatu. Hatakujibu, atakuuliza. Kwa kusi au kwa kaskazi? Maji yanajaa au yanapwa? Nahodha nani? Tanga jipya au lile lililotiwa viraka? Siku ya resha mshindi ni aliyefika mbele ya wenziwe, kwenye upepo mmoja na maji yaleyale, na saa haina kazi. Fundi yule haoni haya kukataa kutaja dakika, kwa kuwa anajua dakika ni za upepo, na yeye kauza mbao.

Mhandisi wa gari ya spoti anajua hayohayo, lakini juu yake kuna idara ya masoko inayotaka namba, na kando yake idara ya sheria isiyoitaka. Idara ya sheria ina kumbukumbu. Mwaka 1999 Ford waliuza Mustang Cobra iliyotangazwa kuwa na farasi 320. Wateja wakaipima, wakakuta pungufu. Ford wakasimamisha mauzo na kuziita gari warekebishe. Mwaka 2001 Mazda waliwaambia Wamarekani kwamba MX-5 ina farasi 155, kumbe ni 142. Farasi 13 tu, lakini Mazda walilazimika kuwaambia wateja: asiyeridhika airudishe gari, tutainunua. Hiyo ni namba ya mashine iliyosimama mahali pamoja, ambayo hupimika kwa saa moja gereji. Sasa fikiria kuahidi muda wa mzunguko, wenye msitu, mvua na moyo wa dereva ndani yake. Mteja akitumia dakika nane badala ya saba na nusu, kosa ni la nani?

Na kuna kitendawili cha waranti. GT-R ileile iliyotangazwa kwa muda wake wa Nürburgring iliuzwa Marekani na kitabu kilichomwambia mwenye gari kwamba akizima mfumo wa kuzuia kuteleza, kikavunjika kitu kwa sababu hiyo, waranti haitamsaidia. Wapo walioondoka kwa vishindo, wakaua giaboksi, wakaambiwa walipe. Kelele zilipozidi Nissan walibadilisha programu ya gari. Huwezi kumwonyesha mtu picha ya gari ikiruka mlimani, kisha ukamwambia kuruka hakumo kwenye mkataba. Bima nayo huenda mbali zaidi: mikataba mingi ya bima ya gari humtoa nje kabisa anayeshindana au anayejaribu kasi, hata kama yuko peke yake na saa yake mkononi. Kampuni inayotangaza mzunguko inamwalika mteja afanye jambo ambalo bima yake imeshamkataza.

Halafu ipo sheria ya matangazo. Uingereza, kanuni za matangazo zinakataza kasi au uwezo wa kuchapuka kuwa ujumbe mkuu wa tangazo la gari. Unaweza kuitaja katika orodha ya sifa, chini kwa herufi ndogo, lakini huwezi kuitanguliza. Kampuni inayouza dunia nzima ikitengeneza tangazo moja la kupeleka kila mahali, woga wa London hufika mpaka kwenye vipeperushi vinavyosomwa Muscat na Nairobi.

Na kuna vifo. Tarehe 28 Machi 2015, katika mbio za Nürburgring, gari ya mashindano ya Nissan GT-R iliyoendeshwa na Jann Mardenborough ilinyanyuka kwenye kilima kiitwacho Flugplatz, ikaruka uzio na kumuua mtazamaji. Wenye uwanja wakaweka vikomo vya kasi kwenye vipande kadhaa, na kwa muda majaribio ya rekodi yakafa, kwani rekodi gani itawekwa mahali palipowekewa kikomo? Koenigsegg wa Sweden, waliokuwa wamejitayarisha na gari yao ya One:1, wakakaa kando. Vikomo vikaondolewa 2016 baada ya njia kufanyiwa matengenezo, wakarudi, na Julai mwaka huo gari yenyewe ikaacha njia na kuvunjika wakiwa katika maandalizi. Dereva alinusurika. Mpaka hapo muda wao wa kutangaza haukuwepo.

Nimewahi kusikia barazani, Jaws Corner, ambako bao na siasa hupakuliwa pamoja na kahawa, kijana akiwaapia wenziwe kwamba kazunguka kutoka Mjini hadi Paje kwa dakika kadhaa alizozitaja kwa fahari. Mzee aliyekuwa akisikiliza akamkata:

"Mwanangu, hapo Jozani ulipitaje?"

Swali la mzee lilikuwa zito kuliko la Porsche. Barabara ya Jozani inapita kati ya msitu wa kima punju, ambao dunia nzima hawapatikani porini isipokuwa visiwani kwetu. Hapo kwanza walikuwa wakigongwa ovyo. Yakawekwa matuta, na vifo vikapungua sana. Muda wowote mzuri wa Mjini hadi Paje umeibwa juu ya matuta yale, au umeibwa mbele ya skuli za vijijini ambako watoto hutembea ukingoni mwa lami kwa kuwa hakuna pengine pa kutembea. Ndani ya Mji Mkongwe wenyewe hesabu inageuka kichekesho: toka Shangani hadi Darajani vespa itaiacha Ferrari yoyote, na mtu wa miguu anayezijua njia za Kiponda huenda akaiacha vespa.

GT-R ya Kijapani ya 2007 ilikuwa na dawa ya jambo hili, na mpaka leo sijaona iliyonifurahisha zaidi. Kikomo cha 180 kilikuwemo, lakini gari ilijua mahali ilipo kwa setilaiti. Ikiingia kwenye uwanja wa mbio uliomo katika orodha yake, viwanja vya Japani, ilimruhusu dereva kukiondoa kikomo. Ikitoka getini, kikomo kinarudi. Ilete Unguja, itazunguka kisiwa kizima kutoka ncha hadi ncha, kilomita 85, ikitafuta uwanja wake na isiuone. Kwa kanuni ya kiwanda chake, gari hiyo hapa itabaki na 180 hadi ichakae, isipokuwa fundi wa mtaani aingize mkono kwenye waya, naye yupo.

Kinachoulizwa kwenye yadi za gari huku kwetu ni kingine kabisa. Mnunuzi haulizi mzunguko wala farasi.

"Ami, hii inakula mafuta?"

"Haili, inanusa tu."

"Imetembea ngapi?"

Hapo muuzaji hutazama pembeni. Kilomita za kwenye dashibodi ndiyo namba yetu inayogombaniwa, inayorudishwa nyuma na wajanja, inayozua kesi kati ya majirani. Kila soko lina namba yake ya kudanganyia. Ulaya ni sekunde za Nürburgring. Japani ilikuwa ni farasi 280, uongo wa kujipunguzia. Kwetu ni kilomita.

Afrika Mashariki imewahi kuwa na kipimo chake cha gari, na viwanda vikubwa vya dunia vilikuja kukipigania. Mbio za Safari zilianza 1953, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari ya mwanzo yaligawanywa kwa bei yake ya dukani hapa hapa, kwa hiyo shilingi ilishindana na shilingi inayolingana nayo. Saa ilikuwepo, lakini ilifanya kazi kinyume na ya Nürburgring: kulikuwa na muda wa kufika kila kituo, na aliyechelewa alitozwa alama za adhabu. Tope na mvua za Aprili ndizo zilizokuwa jaji. Mwaka 1963 magari saba tu yalifika mwisho. Mwaka 1968 yakafika saba tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na mwenziwe Paddy Cliff, katika Peugeot 404, gari ambayo haikuwa na kasi ya kumtisha mtu. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo PV544 kuukuu, iliyokwishakimbizwa na wengine kabla yake.

Peugeot hawakuwa na haja ya kumwambia mteja wa Mombasa au Arusha dakika wala sekunde. Ukweli kwamba gari ilifika ulitosha, na haukuwa na mpinzani: hakuna kampuni iliyoweza kununua 404, kuipeleka kwenye tope lilelile la mwaka uleule na kurudi na jibu jingine, kwani tope lile lilikwishakauka. Mwaka 1973 Datsun walimaliza wakiwa na magari mawili juu, la Shekhar Mehta na la Harry Källström, yenye alama za adhabu sawasawa baada ya maelfu ya kilomita. Ushindi akapewa Mehta kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kutozwa alama ya kwanza. Datsun wangeweza kupoteza muda wakieleza hesabu ile kwa mteja. Walitangaza kwamba wameshinda Safari, wakaendelea kuuza pikapu.